Shina Halijaoza

Nchi yetu ina jina zuri sana, lakini sheria inakataza kulitaja ukiwa umekaa. Ukitaka kulitaja lazima usimame wima, mikono ubavuni, kidevu juu. Na kwa kuwa wakati huo ninaousimulia karibu nusu yetu hatukuweza kusimama, naomba tuendelee bila jina, msije mkanitia matatani.

Kazi yangu ilikuwa kupanga viti katika Ukumbi wa Taifa. Msiidharau. Kiti cha Katibu kikijitokeza mbele ya kiti cha Waziri hata kwa upana wa kidole, serikali inaweza kuanguka, au naweza kuanguka mimi, jambo ambalo kwangu ni zito zaidi. Kwa sababu ya kazi hiyo nilikuwepo katika kila kikao kikubwa, nimesimama karibu na pazia, kitambaa cha vumbi mkononi. Haya nitakayoyasema niliyaona mwenyewe. Siyasemi kwa ubaya. Naipenda serikali yangu, na yenyewe inajua hivyo, maana imeniuliza mara nyingi.

Basi, ugonjwa ulianzia magotini. Mtu yuko zake sokoni anabishania bei ya dagaa, ghafla magoti yanalegea, anakwenda chini yote mawili, mikono mbele, mithili ya anayeomba radhi. Anajaribu kuinuka, haiwezekani. Watu wakauita pigagoti.

Ijumaa moja msafara wa Mlezi Mkuu ukapita barabara kuu. Mlezi Mkuu ndiye rais wetu, ila neno rais alilikataa kwa unyenyekevu kwa sababu nchi nyingine pia wanalo. Siku zote wananchi walikuwa wakisimama kandokando ya barabara na kupunga vibendera. Siku hiyo nusu yao walikuwa chini, wamepiga magoti kwenye vumbi, vichwa vimeinama. Wanaojua mambo ya ndani wanasema Mlezi Mkuu alitokwa na machozi nyuma ya kioo cheusi.

Kesho yake redio ikatangaza Mwaka wa Unyenyekevu. Wilaya zikaanza kushindanishwa, ni ipi inayopiga magoti zaidi. Kuna Mkuu wa Wilaya mmoja huko kaskazini ambaye watu wake walikuwa wazima kabisa, wanarukaruka tu. Alihamishwa kwa kosa la kushindwa kuleta maendeleo. Nilimwonea huruma, lakini na yeye alizembea.

Mke wangu ni Mwamvita, mtaani wanamwita Mama Tunu kwa jina la binti yetu aliyeolewa mbali. Alikuwa kiongozi wa kikundi cha ngoma kinachopokea wageni uwanja wa ndege. Mgeni akitua kutoka popote, mtu wa kwanza kumwona alikuwa mke wangu akija na njuga miguuni, na wageni wengi walisahau walichokuja kufanya. Siku moja katikati ya ngoma, mbele ya zulia jekundu, magoti yake yakakatika. Makofi yakapigwa. Akavishwa nishani palepale chini, na waliomvisha wakapita zao na mgeni.

Jioni nilimkuta amelala mkekani, nishani bado iko kifuani.

"Baba Tunu, nimepewa nishani ya kuanguka."

"Ya unyenyekevu, Mama Tunu."

"Unyenyekevu gani? Nilitaka nimwonyeshe yule mgeni mauno ya kwetu, magoti yakagoma. Hebu acha kunitolea macho, njoo unishike, nataka kwenda msalani."

Nikamshika. Nilicheka naye, lakini moyoni niliogopa, na sababu ya kuogopa ninayo. Jirani yetu Mponzi, fundi saa, alianguka mapema kabla ya watu wengi. Kwanza yalikuwa magoti. Baadaye ugonjwa ukapanda kiunoni, kutoka kiunoni ukapanda kifuani, na ulipofika kifuani Mponzi akawa anavuta pumzi kwa kuiomba, hadi alipoikosa. Mazikoni alikuja mjumbe wa serikali akatueleza kuwa marehemu amefariki kwa heshima iliyopitiliza. Tulipiga makofi makaburini. Tuliporudi nyumbani Mama Tunu akaniambia, "Mimi nikifa, mtu wa hotuba asikanyage msibani kwangu." Nilijifanya sikusikia.

*

Mtu aliyeuchukulia ugonjwa huo kuwa ni ugonjwa alikuwa mmoja tu, Daktari Sikudhani. Yeye aliongoza Kituo cha Utafiti wa Mimea na Maradhi, kilichowekwa katika ghala la zamani la bendera na kusahaulika humo, jambo lililokisaidia sana. Mwanamke mfupi, mwenye maneno ya haraka, na alipokuwa kwenye hadubini aliwasemesha kuvu aliokuwa akiwachunguza: "Haya baba, geuka kidogo nikuone. Usinifiche uso."

Nilimpeleka Mama Tunu kwenye toroli la kubebea viti. Daktari akamgongagonga magoti, akamsikiliza kifua, kisha akauliza jambo nililoliona la ajabu: "Mnakula mtulizi?"

Nani asiyekula mtulizi? Mtulizi ni mti ulioko kwenye nembo ya nchi, kwenye nembo ya Chama, kwenye noti na kwenye kila ua wa nyumba. Majani yake ni mboga, unayapika kwa karanga au kwa nazi, na kila Jumatano ni lazima kuyala kisheria. Ndiyo Jumatano ya Mtulizi.

"Basi tatizo liko hapo," alisema. "Kuna kuvu anaota ndani ya shina la mtulizi. Anatengeneza molekuli moja ndogo, mbaya kweli. Inapanda na utomvu mpaka kwenye majani, majani yanaingia chunguni, na wewe unakula. Sasa sikiliza. Ubongo ukitaka usimame, unatuma ujumbe. Ujumbe unapita kwenye neva, unafika kwenye msuli, unabisha hodi. Hii molekuli imekaa mlangoni. Ujumbe unabisha, unabisha, haufunguliwi."

"Kama ofisini kwetu," nikasema.

Akanitazama. "Unafanya kazi wapi?"

"Serikalini."

"Basi umeelewa vizuri."

Habari njema ni kwamba kwenye mizizi ya mtulizi mzima usio na kuvu, alikuwa amepata molekuli nyingine inayoiondoa ile ya kwanza mlangoni. Alishaijaribu kwa panya. Panya walisimama, tena kwa miguu ya nyuma. Sasa alikuwa anaijaribu kwa watu. Wagonjwa wangegawanywa kwa kura makundi mawili: kundi moja lipewe vidonge vya dawa, la pili vidonge vya unga wa mahindi vinavyofanana navyo, kisha alinganishe.

"Na nani anajua yupi amepewa unga?" nikauliza.

"Mgonjwa hajui. Muuguzi hajui. Hata mimi sijui mpaka mwisho. Ndivyo tunavyofanya ili tusijidanganye."

Nilifurahi kusikia hivyo. Kumbe sayansi nayo imefikia kiwango cha utawala wetu, ambapo anayetoa hajui anachotoa na anayepokea hajui alichopewa.

Mama Tunu akasema toka kwenye toroli, "Mwanangu, nipe hivyo vidonge. Vikiwa unga, nitasongea ugali."

*

Ili mwelewe kilichofuata, lazima niwaeleze Chama chetu kilivyojengwa. Chini kabisa, mtaani, kuna shina. Juu ya shina kuna tawi. Juu ya tawi kuna ngazi nyingine ambazo mtu wa kawaida hana haja ya kuzijua. Na yule anayepita kwenye mashina na matawi yote kueneza maneno mazuri ya Chama anaitwa Katibu Mwenezi.

Katibu Mwenezi wetu alikuwa Ndugu Shomari Kipaumbele. Bonge la mtu, suti nyeupe kila siku, sauti ya kutosha uwanja wa mpira bila kipaza sauti. Alikuwa mwenyekiti wa Kamati ya Usikivu, ambayo kazi yake ilikuwa kusikia kila kinachosemwa nchini. Asubuhi hiyo viti vyangu vilikuwa vimenyooka, chai imeshamiminwa, na karani akasimama kusoma muhtasari wa matokeo ya awali ya Daktari Sikudhani. Nakumbuka kila neno.

"Utafiti umethibitisha," karani akasoma, "kuwa shina limeoza kwa ndani, ingawa kwa nje linang'aa."

Vijiko vikasimama kwenye vikombe.

"Sumu inatoka shinani, inapanda kwenye matawi yote, na kutoka matawini inawafikia wananchi."

Kuna mjumbe alikohoa. Karani alikuwa mtu wa kusoma bila kusikiliza, ndiyo sababu alidumu kazini, akaendelea.

"Mwenezi ni kiumbe mdogo, mweupe, mwenye tabia ya kufyonza, asiye na faida yoyote inayojulikana. Huzaliana kwa wingi palipo na kivuli. Tunapendekeza shina lililooza likatwe na kuchomwa moto, na mwenezi adhibitiwe mapema kabla hajataga."

Ndugu Kipaumbele aliitazama suti yake, kuanzia kola hadi pindo la suruali. Kisha akainuka polepole.

"Nimefyonza nini?" akauliza. "Ndugu wajumbe, naomba mtu aniambie. Mimi nimefyonza nini? Na kutaga, nimetaga wapi?"

Mjumbe wa mwisho mezani alikuwa amejibana pua, mabega yanamtikisika, na nadhani alikuwa akilia kwa uchungu.

Daktari Sikudhani akaletwa mchana uleule, koti la maabara bado liko mwilini.

"Mheshimiwa, hilo ni shina la mti," akasema. "Na mwenezi ni mdudu. Anabeba kuvu kutoka mti hadi mti. Ni neno la kawaida tu."

"Nembo ya Chama ni nini?"

"Ni mti."

"Mti gani?"

"Mtulizi."

"Na wewe umetafiti mti gani?"

"Mtulizi."

"Ameungama," Ndugu Kipaumbele akawaambia wajumbe, na akakaa.

Kamati haikutaka kumfunga, maana sisi si nchi ya hivyo. Iliunda Tume ya Istilahi. Wataalamu wa lugha wakapelekwa hoteli moja ya mlimani, yenye baridi nzuri ya kufikiria, na waliporudi wamenenepa walikuwa na maneno mapya. Kuanzia siku hiyo mmea hauna shina, una mguu. Hauna matawi, una mikono. Na mdudu anayesambaza ugonjwa si mwenezi, ni mgeni asiyealikwa. Shina, tawi na mwenezi vikabaki mali ya Chama peke yake. Mwalimu wa shule ya msingi aliyesahau akawafundisha watoto sehemu za mmea kwa maneno ya zamani alipewa likizo ndefu.

Daktari aliyasoma maneno hayo, akarudi kwa kuvu wake. Nadhani huko alitukana kidogo.

*

Vidonge viliisha. Kura ikafunuliwa. Waliopewa dawa walikuwa wamesimama karibu wote, wanatembea, mmoja amerudia kazi yake ya kupaka nyumba rangi. Waliopewa unga walikuwa vilevile au wamezidi kuumwa.

Mama Tunu alikuwa amepewa unga.

Kufikia hapo ugonjwa ulikuwa umempita kiunoni. Alikuwa akisema maneno machache, anapumzika, anasema mengine. Mwanamke aliyekuwa akinisema toka alfajiri mpaka taa zinazimwa, sasa alinisema kwa vipande. Niliikumbuka sauti ya Mponzi akiomba pumzi na nikatamani kupasua kitu. Daktari akasema hakuna tena kulinganisha, waliopewa unga wote wapewe dawa leo hii. Dawa ilikuwa tayari, safari hii ya maji, imejaa kwenye chupa ndani ya stoo ya Kituo.

Lakini Ijumaa ya kabla yake msafara ulikuwa umepita, na katikati ya watu waliopiga magoti, waliopona walikuwa wamesimama kama nguzo za uzio. Ndugu Kipaumbele alifika Kituoni akihema.

"Wale wamesimama kwa nini?"

"Wamepona," Daktari akamjibu.

"Wamepona nini? Nchi hii haina wagonjwa, ina wanyenyekevu. Unataka kuwasimamisha wananchi ili wafanye nini?"

Daktari akasema waende msalani bila kubebwa. Jibu hilo halikumpendeza. Akatoa kufuli mfukoni, kubwa kama ngumi, akafunga stoo mwenyewe na kuweka lakiri ya Chama juu yake. Lingefunguliwa siku Daktari atakaposimama mbele ya umma katika Ukumbi wa Taifa na kutamka kwamba shina halijaoza.

Nilikwenda nyumbani kwa Daktari. Nikampigia magoti, mimi mzima, nisiye na ugonjwa wowote.

"Sema tu, mama. Ni maneno mawili. Sema halijaoza, mke wangu apewe dawa."

"Nikisema, Baba Tunu, watu wataendelea kula majani yale kila Jumatano. Wataanguka wengine."

"Hao wengine hawalali kitanda changu!"

Sauti yangu ilinitisha mwenyewe. Daktari akaninyanyua kwa mkono. Macho yake yalikuwa mekundu na niliona kuwa naye anaogopa.

"Nitakuja," akasema. "Nitakachosema sikijui bado. Ila nitakuja."

*

Siku ya tamko nilipanga viti kuanzia alfajiri. Ukumbi ulijaa hadi ngazini. Wagonjwa wa kundi la unga waliletwa wakalazwa mbele kwenye magodoro, ili nchi ione jinsi wanavyonyenyekea. Mama Tunu alikuwa wa kwanza kulia, midomo imeanza kuwa ya kijivu.

Ndugu Kipaumbele alipanda jukwaani, suti nyeupe inayoumiza macho. Alitoa hotuba ndefu juu ya uimara wa mashina yetu, akayasifu ya mjini, akayasifu ya vijijini, akayasifu ambayo hayajafunguliwa. Kisha akaashiria, na vijana wa Chama wakaingiza gogo la mtulizi. Lilitoka uani kwa Makao Makuu ya Chama, mti uliokuwa ukimwagiliwa maji ya chupa na kupakwa vanishi kila sikukuu. Likalazwa mezani juu ya kitambaa cha kijani. Kweli lilikuwa linang'aa.

"Daktari," akasema, "utuambie sasa, taifa linasikia. Hili ni zima au limeoza?"

Daktari Sikudhani akasogea, akalitazama gogo, akalinusa kidogo.

"Hili sijalipima, Mheshimiwa. Mimi husema nilichokipima. Lipasueni, tutazame wote."

Nilitamani kumrukia. Maneno mawili tu yalikuwa yakihitajika! Lakini Ndugu Kipaumbele alifurahi. Alikuwa ameyaamini maneno yake mwenyewe kwa miaka mingi, na mtu wa namna hiyo haogopi panga. "Lipasueni!" akanguruma. "Lipasueni mbele ya umma!"

Kijana akashusha panga mara moja tu. Gogo lilipasuka kama mkate uliolala. Ndani hamkuwa na mti. Mlikuwa na unga mweusi, uvundo uliowafanya mawaziri wa mstari wa mbele waegemee nyuma, na wadudu weupe wengi mno, wakaruka wakatanda hewani. Wadudu wale hupenda rangi nyeupe. Wakamwendea Ndugu Kipaumbele wakamtua mwili mzima, mabegani, kifuani, kwenye kola, na hapo hata mimi nilishindwa kuwatofautisha.

Aliyecheka kwanza ni mke wangu. Nilikijua kicheko kile. Ukumbi mzima ukalipuka naye, ngazini, madirishani, hata kwenye magodoro. Kisha kicheko chake kikakatika. Akafungua mdomo, pumzi haikuingia.

Katika maisha yangu yote sikuwahi kutamka neno ndani ya ukumbi ule. Nikanyanyua kiti cha Waziri wa Fedha, alikuwa ameshakihama kwa uvundo, nikakibamiza sakafuni kikavunjika.

"Mke wangu anakufa, nyie!" nikapiga kelele. "Mnacheza na maneno na mke wangu anakufa! Fungueni lile kufuli!"

Ndugu Kipaumbele alikuwa amesimama, mdomo umefumba ili wadudu wasiingie, na ilionekana wazi kuwa hana pa kutokea. Hapo ndipo Mwenyekiti wa Tume ya Istilahi alipoinuka, akamsogelea, akamnong'oneza sikioni. Nilikuwa karibu, nikasikia.

"Mheshimiwa, hilo siyo shina. Kwa istilahi mpya, hilo ni mguu."

Sijapata kuona uso wa mtu ukirudiwa na uhai vile.

"Wananchi!" Ndugu Kipaumbele akapaza sauti, wadudu wakaruka. "Mmeona wenyewe! Kilichooza ni mguu! Shina halijaoza! Shina ni zima!"

Makofi yakapigwa, maana tulishazoea. Na kwa kuwa Daktari alikuwa ametibu maradhi ya mguu tu na shina halimo, kosa lake likafutwa palepale. Ufunguo ukarushwa. Niliudaka hewani, nikakimbia hadi stoo ya Kituo na kurudi na chupa, na tangu ujana sijakimbia vile. Daktari mwenyewe alimnywesha Mama Tunu dawa palepale godoroni huku akimpuliza hewa mdomoni, tukakaa naye mpaka rangi ya midomo iliporudi. Nililia mbele za watu. Mniwie radhi, lakini nililia.

*

Ningependa kuishia hapo, lakini serikali yetu ikishaanza kutenda hairuhusu jambo liishe. Pendekezo la Daktari la kukata na kuchoma likapitishwa kwa haraka, kwa istilahi mpya. Amri ilisema: mguu mbovu wa mmea ukatwe na uchomwe moto. Ilipofika kwa wapiga chapa, bango lilikuwa limeshajaa picha ya Mlezi Mkuu, nafasi ikawa finyu, wakapunguza maneno ambayo hayakuonekana kuwa na umuhimu. Nchi nzima ikaamka na mabango yaliyosema: MGUU MBOVU UKATWE, UCHOMWE MOTO. Mgambo wakagawiwa misumeno.

Walifika kwetu mchana. Mama Tunu alikuwa ameanza kuchezesha vidole vya miguu, na alfajiri ile alikuwa amekunja goti, tukashangilia.

"Hodi. Humu ndani mna mguu mbovu?" mgambo akauliza, msumeno begani.

"Ndugu yangu, ni miguu ya mimea!" nikamwambia. "Ya mimea!"

"Mzee, bango linasema mguu. Mimea sijaiona kwenye bango."

"Nenda kamuulize Daktari Sikudhani."

"Mimi siulizi, natekeleza. Tena tumeambiwa hapa kuna mama aliyepewa nishani."

Alinisukuma pembeni akaingia. Mama Tunu alikuwa amekaa mkekani. Aliutazama msumeno, akamtazama mgambo, akaupeleka mkono ukutani. Nikataka kumsaidia, akanikaripia kwa macho. Akajivuta. Goti moja likatetemeka, la pili likakubali, na mke wangu akasimama, jasho linamtiririka.

"Mguu gani mbovu?" akauliza. "Huu?" Akautikisa. "Au huu?" Akautikisa na huo. Kisha akaachia ukuta, akampigia mgambo yule mauno ambayo wageni wote wa kiserikali hawajawahi kuyaona. Taratibu, kwa meno yaliyoumana, lakini yalikuwa yenyewe.

Mgambo akashusha msumeno. "Samahani, mama. Nilielekezwa nyumba siyo."

Wiki ile nchi nzima ilisimama. Daktari Sikudhani na wauguzi wake walikuwa wakikimbia na chupa za dawa nyumba hadi nyumba, mbele ya misumeno, na ambao dawa haikuwawahi waliegemezwa kwenye kuta na majirani, wakachekeshwa ili waonekane wana afya. Huku akinywesha, Daktari alikuwa akiwaambia watu kwa sauti ya chini, kwa neno la zamani lililokatazwa, wakate kitu gani hasa uani kwao. Nao wakakata. Mgambo walikosa kabisa mguu mbovu wa mtu, na kwa kuwa kila kikosi kilitakiwa kuonyesha kazi, walikata miguu ya meza, ya vitanda, na ya viti vyangu vyote vya Ukumbi wa Taifa. Baraza la Mawaziri mpaka leo linakaa chini. Mimi sasa napanga mikeka.

Ijumaa msafara ukapita. Hakuna aliyethubutu kupiga goti, maana mtu akionekana amepiga goti ataulizwa lina nini. Tulisimama kandokando ya barabara, wazima na waliopona na walioshikiliwa, vichwa juu, macho mbele. Mama Tunu alikuwa mstari wa kwanza, amevaa njuga.

Gari kubwa likapunguza mwendo. Likasimama mbele yetu. Kioo cheusi kikashuka, na Mlezi Mkuu akatutazama nyuso zetu kwa muda mrefu, paji limekunjamana.

"Hawa ni akina nani?" akauliza.

Ndugu Kipaumbele, aliyekuwa pembeni yake, akatoa kichwa. Akatupitia mmoja mmoja, akitafuta hata mmoja anayemjua, akatoa leso akajifuta jasho.

"Sijui, Mtukufu," akasema. "Hawa sijawahi kuwaona."

"Basi mtuzoee," akasema Mama Tunu.